Soko la Masizi

Mwenye chungu asifu jembe.

Ndivyo alivyowaambia Mama Nasero leo, mlipokuwa mnabishana mbele ya mgahawa wake, huyu akipaza sauti kwamba asali yake ndiyo asali, yule kwamba viatu vyake havina mfano wilaya nzima. Mkamcheka. Mkadhani mama wa watu amechanganya mambo, maana mwenye chungu ana habari gani na jembe? Sasa mmekuja kuniuliza mimi, na mmefanya vizuri, kwa sababu wanaojua tumebaki wachache, na wengine wameamua kusahau kwa makusudi. Kaeni. Maneno hayo hayakutoka kwa wahenga wasiojulikana majina. Yalizaliwa mbele yangu, sokoni, mchana kweupe, na aliyeyasema nilikuwa namuuzia chumvi.

Wakati huo soko la Mvureni lilikuwa huku juu, kwenye uwanja ule mnaochezea mpira. Siku ya gulio, ukungu ukiwa bado haujaachia milima, watu wa tambarare walikuwa wameshaanza kupanda, na walipofika kwenye kona ya mwisho waliusikia kwanza mlio wa nyundo, ndipo wakauona moshi. Moshi haukukosekana kwetu. Upande mmoja wahunzi walifua chuma, upande wa pili wanawake walichoma vyungu kwa kuni na majani makavu. Mkono wa mtu wa Mvureni ulikuwa na weusi usiotoka hata kwa kusugua na mchanga. Ndiyo maana watu wa tambarare walituita Masizi. "Wale Masizi wameshuka." "Usimpe Masizi mkono, atakuchafua." Walilisema kama tusi, na vijana wetu walipigana kwa ajili ya jina hilo.

Lakini wazee hawakulichukia. Hapa Mvureni mtoto akizaliwa, kabla hajatolewa nje kuonyeshwa jua, mhunzi alichovya dole gumba katika masizi ya kiwanda chake akamgusa kwenye paji la uso. Walisema mtoto aliyetiwa alama ya moto wa kwao hatapotea njia ya kurudi. Mimi niliguswa hivyo. Baba zenu waliguswa. Ninyi mlipelekwa kliniki, mkapewa kadi. Kadi ni nzuri, siisemi vibaya, lakini haina harufu.

Tena tulikuwa na desturi moja ambayo wageni waliiona kama wazimu. Sokoni kwetu mtu hakusifu bidhaa yake. Ilikuwa ni utovu wa adabu, kama mtu kujiimbia mwenyewe harusini. Ukifika kwa Naghenjwa, mfinyanzi, ukamuuliza kama chungu hiki hakitavuja, angekwambia, "Sijui, mwanangu. Kamuulize Mama Kangero, yeye ndiye anayekipikia." Unakwenda kwa Mama Kangero, unamkuta anakoroga makande. Huyo naye anakusimulia habari za vyungu vya Naghenjwa mpaka mate yanakujaa, maana anayasimulia juu ya makande yenyewe. Ukimuuliza kisu chake cha kukatia nyama kinatoka wapi, anakuelekeza kwa Mbonea mhunzi. Mbonea anakupeleka kwa mwenye mipini. Mwenye mipini anakuleta kwangu uonje chumvi. Hivyo mtu aliyepanda mlima kutafuta chungu kimoja alishuka amejua soko zima, na hakuna aliyekuwa amemvuta shati.

Hatukuwa na chama, wala mwenyekiti, wala muhuri. Mnisikilize vizuri hapo, kwa sababu siku hizi hamwezi kusukuma mkokoteni bila kuchagua mweka hazina.

Kisha akarudi Elieneza.

Elieneza alikuwa mtoto wa hapa hapa, masizi ya paji la uso alitiwa. Alikwenda Tanga, akakaa miaka mingi, akarudi na viatu vya kung'aa na mali. Akajenga duka kubwa kule chini, njia panda. Akaleta mabeseni ya enameli yenye maua, sufuria zinazowaka kama jua, na majembe ya kiwandani yaliyopakwa rangi ya kijani. Hayo si makosa. Mtu afanye biashara. Kilichoniuma mimi, na kinaniuma mpaka leo, ni ile spika. Aliifunga juu ya paa, na siku za gulio letu ikaanza kunguruma tangu asubuhi: "Nunua safi, achana na masizi! Nunua safi, achana na masizi!" Mtoto wa nyumbani, anatutukania jina letu mbele ya watu kwa betri.

Watu wakapungua. Mtu akifika njia panda amechoka, anautazama mlima, anasikia spika, anaingia dukani. Haikuchukua muda, Elieneza akaanza kutembelewa na wakubwa, na maneno yakatoka wilayani kwamba soko la juu halina maana, barabara iko chini, soko nalo lishushwe chini, pembeni mwa duka. Afisa wa masoko angekuja mavuno ya kahawa yakimalizika, alitazame soko letu kwa macho yake. Akiona linafaa, libaki. Akiona halifai, lishuke.

Kwangu mimi kushuka ilikuwa usumbufu tu. Chumvi hubebeka. Aliyekuwa anauawa ni Naghenjwa. Alikuwa mjane, analea wajukuu, na hakuwa na shamba la maana zaidi ya kile kibonde alichochimbia udongo. Vyungu ndivyo vilivyomlisha. Na njia ya kushuka kutoka Mvureni mnaijua ilivyo hata sasa, mawe na utelezi. Aliwahi kujaribu, alipoona wateja wamekwisha. Alifunga vyungu kwenye tenga na majani ya migomba, akajitwika, akashuka polepole kama anayebeba mgonjwa. Alipofika njia panda akatua tenga, akafungua, akakuta vigae. Hakulia. Alimwambia Mama Kangero kwamba soko likishuka, yeye hatashuka nalo, atakaa nyumbani asubiri kufa kama wengine.

Basi tukakutana, wachuuzi wote, kufikiri la kufanya. Na hapo ndipo tulipokosea. Mbonea mhunzi, mtu mwema lakini mwepesi wa kupata moto kama chuma chake, alisimama akasema kwamba Elieneza ametushinda kwa mdomo, na sisi tuna midomo. Kwa nini tunakaa kimya juu ya vitu vyetu kama tumeviiba? Kuanzia gulio lijalo kila mtu apige kelele kwa ajili ya chake. Tukampigia makofi. Hata Naghenjwa alipiga makofi, kwa kuwa mtu anayezama hachagui kamba.

Mngeliona gulio lile mngetuhurumia. Watu ambao hawajawahi kujisifu hawajui mahali pa kuishia. Mbonea alisema jembe lake linalima lenyewe. Mwenye mipini akasema jembe bila mpini wake ni chuma chakavu. Mama Kangero akasema anayekula makande yake haendi hospitali, na mwuza dawa za mitishamba, aliyekaa karibu naye, akaona ametukanwa. Mtu akishasema chake ni bora, jirani anasikia kwamba cha jirani ni kibaya, hata kama halikusemwa. Na mara likaanza kusemwa.

Naghenjwa, sauti yake ndogo, hakuna aliyemsikia. Akatafuta neno kubwa, akalipata. Alikipiga chungu chake kwa kidole kikalia, akasema, "Hiki kitawazika wenye kukinunua. Hakipindi wala hakishiki kutu kama majembe ya hapo ng'ambo."

Watu wakaangua kicheko. Mbonea hakucheka. Alisema kwa sauti kwamba vyungu havishiki kutu kwa sababu havifikishi umri wa kushika kutu. Watu wakacheka zaidi. Tangu hapo wawili wale hawakusemezana. Mbonea, aliyekuwa akiwapeleka wateja kwa Naghenjwa tangu ujana wao, akawa anawaelekeza njia ya kuzunguka ili wasipite kwake. Naghenjwa naye alishuka njia panda akanunua jembe la kijani, akapanda nalo begani akipita mbele ya kiwanda cha Mbonea taratibu ili alione. Siku chache baadaye Mbonea akashuka, akarudi na beseni la enameli lenye maua mekundu, akaliweka mlangoni, akatangaza kwamba sasa chuma chake kitapoozwa kwenye chombo cha kisasa.

Elieneza hakuhitaji tena spika. Tulimfanyia kazi yake bure.

Siku ya afisa ikafika. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi kidogo, si mtu mbaya, alipanda mlima kwa miguu yake na hilo nilimheshimu. Elieneza alikuja naye, anamwonyesha mashimo ya njia. Walipoingia sokoni tulimrukia yule bwana kama kuku wanaotupiwa mtama. Kila mtu alimvutia kwake. Kila mtu alikuwa wa kwanza na wa pekee. Niliona anafuta jasho na kumtazama Elieneza, na Elieneza anatabasamu kama anayesema, umejionea mwenyewe. Nami nikajua soko limekwenda.

Alifika kwa Naghenjwa amechoka kabisa. Mama yule alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono mapajani, hapigi kelele yoyote.

"Na wewe mama," afisa akasema, "bila shaka vyungu vyako ni bora kuliko vyote duniani."

Tuliokuwa karibu tulimkazia macho aseme. Kama kulikuwa na mtu aliyepaswa kujisifu siku ile, ni yeye.

"Bwana Afisa, mimi kukisifu chungu changu sijui," alisema. "Nimejaribu msimu huu wote, na kila nikijaribu nakosana na mtu. Ila nikuonyeshe kitu."

Akainama nyuma ya vyungu, akatoa jembe, akampa mkononi. Halikuwa la kijani. Lilikuwa jembe la zamani, limelika mpaka limebaki upana wa kiganja, makali yake meupe kwa kusuguliwa na ardhi.

"Hili ndilo ninalochimbia udongo bondeni," akasema. "Udongo wetu una changarawe, unauma chuma. Lilipotoka kwa fundi lilikuwa pana kama mgongo wangu. Limelika, lakini halijapinda wala halijapasuka. Bila hili mimi sina chungu. Amelifua yule pale, baba Mchome, ambaye hanisemeshi."

Wote tukageuka kumtazama Mbonea. Alikuwa amesimama mlangoni pa kiwanda chake, koleo mkononi.

Elieneza akakohoa. "Lakini mama, si ulinunua jembe kwangu? Jipya kabisa. Liko wapi?"

"Lipo, mwanangu," Naghenjwa akajibu. "Lilijikunja siku ya kwanza kama jani la mgomba. Nazuilia mlango wa banda la kuku. Kwa kazi hiyo halina kifani."

Kicheko kilichopanda pale kilikuwa cha kwanza cha kweli tangu ile spika ifungwe. Lakini afisa hakucheka. Alikuwa na kazi ya kufanya, na jua lilikuwa kali.

"Mama, mimi nimekuuliza habari za chungu," alisema. "Wewe unanijibu jembe."

"Chungu ni changu, bwana. Nikikisemea mimi, nimekuwa shahidi wa kesi yangu mwenyewe. Mwenye chungu asifu jembe. Na mwenye jembe, kama bado ana ulimi, anajua la kusema."

Basi tukasubiri. Mbonea alitazama chini, akatazama koleo lake kama halijui. Kisha akageuka, akaingia ndani, akatokomea. Nilimsikia mtu nyuma yangu akinong'ona kwamba huyu bwana ana moyo wa nyundo.

Akatoka. Alikuwa amekumbatia chungu kikubwa, cheusi tititi, maji yakimmwagikia kifuani. Mama Kangero akaacha mwiko.

"Kumbe," akasema. "Na beseni la kisasa?"

"Beseni ni la mlangoni," Mbonea akasema bila kumtazama. Akakitua chungu miguuni pa afisa. "Bwana, jembe hilo ulilolishika halikuwa gumu kwa sababu ya nyundo yangu. Chuma hupata ugumu pale kinapotoka motoni na kuingia majini, na maji lazima yakae kwenye chombo kisichoshtuka. Hiki ni cha huyu mama. Nimekitumbukizia chuma chenye moto miaka na miaka, kinagonga ukuta wake, maji yanatokota, nacho chungu kimekaa. Beseni lile lilibanduka maua siku hiyo hiyo, na ya pili yake likatoboka. Nikakirudisha hiki, nikakificha nyuma ya makaa." Hapo akamgeukia Naghenjwa. "Nilikificha usikione, mama Senzia."

"Sikukiona," Naghenjwa akasema. "Nilikisikia. Chuma kikiingia kwenye beseni hupiga kelele. Kwenye chungu changu huguna. Nilikuwa napita nyuma ya kiwanda, nasikia kinaguna, nakwenda zangu."

"Ukajua, na hukusema?"

"Ningesema nini? Nilikuwa napita na jembe lako nimelifunika kwa kanga."

Sijui ni nani aliyeanza kucheka, nafikiri ni wao wenyewe. Naghenjwa alikizunguka chungu kile, akagusa ukingo. "Pamemeguka hapa," akasema. "Kilete kesho, nikupe kingine." Maridhiano yao yaliishia hapo. Hawakushikana mikono wala hawakuhutubia.

Afisa alikuwa ameshika lile jembe lililolika, analigeuza geuza. Akamwuliza Mbonea kama na majembe yake mengine ni imara vile vile. Mbonea akafungua kinywa, akakifunga, akasema, "Sijui, bwana. Nenda kaulize kwa wale wanaolima." Hapo tukaelewa wote, kwa pamoja, na nawaambia vijana wangu, nilihisi kama mtu aliyeona taa ya nyumbani. Wakulima wakamsifu yeye, wakamsifu na mwenye mipini. Mwenye mipini akamleta kwangu, nami sikumwambia lolote juu ya chumvi yangu, nilimpeleka akaonje makande. Mama Kangero akamketisha, akampakulia, na akiwa anakula akamweleza habari za chungu kilichopika chakula kile, tangu udongo unapochimbwa. Yule bwana alizunguka soko lote bila kuvutwa na mtu. Elieneza alikuwa amebaki katikati ya uwanja, hakuna aliyemtaja kwa mema wala kwa mabaya.

Wakati wa kuondoka afisa alikuwa amenunua jembe na chungu. Naghenjwa alichovya dole gumba chini ya chungu cha makande, kwenye masizi, akalibonyeza juu ya mpini wa jembe na ubavuni mwa chungu. Akamwambia, "Wakikuuliza umetoa wapi, sema Masizi. Usione haya. Hata watoto wetu tunawatia alama hiyo ili wasipotee."

Afisa akamwambia Elieneza, mbele yetu, kwamba chini kuna barabara, na barabara inatosha kuwa barabara. Soko lipo, limeshakaa. Likabaki.

Tangu gulio lile kila kilichotoka Mvureni kiliondoka na dole la masizi, kiwe chungu, kisu, kikapu, hata mfuko wangu wa chumvi. Jina walilotutukania likawa ndilo wanalouliza. Watu wa tambarare wakaanza kusema, "Hiki ni cha Masizi kweli, au umeokota tu?" Elieneza hakufilisika, watu wa namna yake hawafilisiki. Aliteremsha spika, akapandisha kibao kipya: Vitu Halisi vya Masizi Vinapatikana Hapa. Mbonea alimwambia sawa, ila avifuate mwenyewe juu, na vyungu avishushe kwa kichwa chake. Tulikuwa tunakaa kwenye kona tukimtazama akishuka na tenga, viatu kavivua, anapapasa jiwe kwa kidole. Siku alizofika na vigae tulizijua kwa kuwa alipopanda tena hakusalimia mtu.

Soko lile limekufa, ndiyo. Lakini msidanganywe kwamba barabara ndiyo iliyoliua. Wenye mazoea yale walizeeka, na waliowafuata kila mmoja akanunua spika yake.

Niliwaona wale wawili mwishoni. Macho ya Naghenjwa yalikuwa yameingia ukungu, hafinyangi tena, mlango wake hauna hata kigae. Mbonea bado alikuwa anagonga gonga chuma kwa mazoea. Mgeni akija kwake kutaka jembe, Mbonea alimwambia kwanza apite kwa mama Senzia, maana hakuna vyungu kama vyake Upareni yote. Nilimwambia, mzee mwenzangu, yule mama hana vyungu tena, unawasumbua watu bure. Akaendelea kuwapeleka. Na mgeni alipofika, Naghenjwa alimkaribisha kwenye kigoda, akampa maji ya kunywa, akamwomba radhi kwamba leo vyungu vimekwisha. Kisha akamshika mkono kumkadiria kwa vidole, akamwambia, "Mkono wako ni wa mkulima. Rudi kwa baba Mchome. Hakuna anayefua kama yeye."

Mgeni alirudi, akanunua.

Mwenye chungu asifu jembe.